Watoto wa Mama Gatimu

...na sasa hata Watiri, ambaye hujibu kabla swali halijaisha, ameinamia dawati, darasa la nne lote limenyamaza kama kuna maiti nje, na mwalimu Kihara amesimama na chaki akicheka peke yake, kicheko cha mtu aliyepiga mzaha matangani, maana swali liko ubaoni kwa mwandiko wake mzuri, Mama Watiri ana watoto watatu, Mama Gatimu ana watoto mara nne ya hao, je, Mama Gatimu ana watoto wangapi, swali alilolitunga asubuhi akinywa chai na kujipongeza, ona ubongo huu, mfano kutoka nyumbani kwa wanafunzi wenyewe... na mkaguzi Njoka yuko pale nyuma, tumbo limekalia dawati la mtoto kama gunia la mchele wa Wang'uru, anaandika, anaandika nini huyo, aliyekimbia chaki baada ya mihula miwili akapewa gari na faili aje Endarasha kufundisha watu kufundisha, na faili hilo hilo ndilo litasema Kihara abaki hapa karibu na mama yake asiyeona tena, au arudishwe Lodwar kula vumbi... jibuni basi, vichwa vya kabeji, wiki tatu tumechora boksi, boksi moja la mwenye kidogo, maboksi manne ya mwenye kingi, ukisikia mara unazidisha, hujumlishi, jana mlikuwa mnaimba... labda wamejumlisha wakapata saba, wanaogopa kuisema... hapana, Gatimu ameficha uso kabisa, na jana Gatimu ndiye alikuwa wa kwanza... Njoka anasema kitu kuhusu vielelezo, vielelezo, neno aliloliokota semina pamoja na soda ya bure... sensa ya themanini na tisa, miaka mitano sasa, karani mlangoni anamuuliza mama watoto ni wangapi, mama anasema wapo, ingia unywe uji, karani anauliza tena, wapo, na Kihara, mjuaji, ametoka Lamu juzi na kofia yake ya kufuma, anamsogeza mama kando, anataja, sita, kwa sauti, anacheka, na mama hakula siku hiyo, ushamba huu, Kihara alisema moyoni... na mwaka haukuisha kabla hawajamzika Mwai, mmoja wa wale sita... si kwa sababu ya kuhesabu, ilikuwa nimonia, daktari alisema, kila mtu anajua ilikuwa nimonia, lakini mama hakumlaumu Kihara hata siku moja, aliendelea kumwekea chakula, akakifunika... mshamba ni nani sasa, Kihara, wewe uliyezunguka Kenya nzima ukajua kusalimia watu kwa lugha tano, ukarudi kwenu ukaanika watoto wa mama wa watu ubaoni, mbele ya mtoto wake, hata watoto wa miaka kumi wanakuonea haya... futa, futa basi, mkono hautaki...

"Kwa hivyo hakuna anayejua?" Njoka anauliza, kalamu imesimama juu ya faili.

Watiri anainuka bila kuitwa. Hamwangalii mkaguzi.

"Jibu tunajua, mwalimu. Watoto wa mtu hawahesabiwangi. Uliza viazi."