Mikunjo Kumi na Mitatu ya Ramani

Kila Alhamisi saa nne asubuhi, fundi cherehani alifunga kibanda chake, akavuka barabara na kuingia ofisi ya tiketi za ndege. Aliketi kwenye kiti kile kile chenye mguu mfupi, akauliza swali lile lile: kutoka uwanja wa hapa hadi uwanja wa kule aliko binti yake ni mbali kiasi gani?

"Kilomita elfu nne mia tisa na ishirini," karani alisoma kwenye kompyuta. "Saa saba na robo angani."

"Saa saba! Kwani inapita kusalimia mashangazi?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

Binti alikwenda kufanya kazi za ndani kwa mkataba wa miaka miwili. Huu ulikuwa mwaka wa nne. Kila akipiga simu alisema atarudi, kisha akaaga haraka haraka, kama mtu anayeitwa.

Nguo ikimzidi mtu haitupwi, hupunguzwa. Alhamisi moja, karani alipotoka kufuata chai, fundi alichomoa sindano kwenye kilemba, akapanda juu ya kiti, akaikunja ramani ya ukutani upana wa vidole viwili na kuushona mkunjo kwa uzi wa kijani.

"Saa sita na dakika arobaini," karani alisoma aliporudi. Akapuliza chai yake. "Umbali umepungua."

Tangu hapo ikawa mkunjo mmoja kila Alhamisi. Jangwa liliingia ndani ya pindo, kisha bahari na meli zake. Marubani walinung'unika kwamba abiria hawajamaliza kufunga mikanda, ndege imeshatua. Shirika likaacha kugawa chakula; nauli likaiacha pale pale.

Baada ya mkunjo wa kumi na tatu, fundi alifungua dirisha la nyuma la kibanda akaona ukuta mweupe, geti la nondo, na nyuma ya nondo binti yake akianika mashuka. Akahesabu hatua. Kumi na saba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda, mwanangu. Haya, vaa viatu twende."

Binti alibana shuka la mwisho kwanza. "Pasipoti yangu iko kabatini kwa bosi. Ufunguo anautembeza shingoni. Na mlinzi hafungui geti mpaka aione."

"Tangu lini?"

"Tangu siku niliyofika."

Fundi aliitazama sindano yake. "Na mimi nikadhani ni umbali."

"Nilikuacha udhani, mama. Ulikuwa unapata usingizi."

Kengele ililia ndani ya nyumba. Binti akaokota beseni, akaingia.

Alhamisi iliyofuata fundi aliketi kwenye kiti chake.

"Hatua kumi na saba," karani alisoma. "Lakini penye muda wa safari kompyuta imeacha wazi. Nijaze nini?"

"Jaza miaka minne," alisema fundi. "Na bado hajatua."

Karani akajaza.