Mke wa Mizani

Mifuko ya salfa ilishushwa kabla posa haijazungumzwa. Shakila alikuwa akipanda kutoka bondeni na ndoo ya maji kichwani, shingo imekakamaa, alipoliona gari la Abdulazizi limesimama mbele ya nyumba ya mjomba wake, Bwanali, alikoishi yeye na mama yake. Vijana wawili walikuwa wakibeba mifuko mabegani na kuipanga barazani, na kila walipoubwaga mmoja lilitimka vumbi la manjano lililowasha macho.

"Nani kanunua, mama?" aliuliza, akitua ndoo.

Bimdogo, mama yake, alikuwa akimenya mihogo. Hakuinua uso.

"Hakuna aliyenunua."

Ndivyo Shakila alivyopata habari ya ndoa yake.

Miaka ile chama cha ushirika hakikuwa tena na cha kumpa mkulima. Ghala lake lilipigwa kufuli, na redio ikatangaza kwamba biashara sasa ni huria, kila mtu auze na anunue atakako. Huku juu Newala uhuru huo ulifika ukiwa ndani ya magari ya watu. Asiye na salfa, dawa ya kupuliza mikorosho, alibaki kuutazama ugonjwa wa unga mweupe ukila maua ya mikorosho yake mpaka yakawa meusi, kama yaliyopitiwa na moto. Bwanali alikuwa ametazama hivyo misimu miwili. Ndipo akaja Abdulazizi, mnunuzi kutoka Masasi, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole, aliyekuwa na mke Masasi na mwingine kijiji cha njiani, na penye mke pana ghala.

Baba yake Shakila alikwisha kufa. Hata angekuwa hai, kwao neno la mtoto ni la mjomba. Upande wa baba uliletewa mifuko yake, ukanyamaza.

"Mama, simtaki yule mzee."

"Na mimi sikumtaka baba yako."

"Basi si unajua?"

Kisu cha Bimdogo kilisimama katikati ya muhogo. Kisha kikaendelea kumenya.

"Najua," alisema. "Ndiyo maana nakwambia utazoea."

Hakutaka kuzoea. Asubuhi moja, badala ya kushuka bondeni, aliificha ndoo kichakani akaenda kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji alikuwa akinywa chai. Shakila alipiga magoti kidogo, akamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Sikutumwa."

Mtendaji akashusha kikombe. Shakila alieleza haraka haraka, asije akakatizwa. Yule bwana alimsikiliza huku akimpima kwa macho.

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

"Sheria inaruhusu kumi na tano, wakubwa wakiridhia. Mjomba wako karidhia?"

"Yeye karidhia. Mimi ndiye sijaridhia."

"Wewe mtoto. Mtoto anaridhia nini?"

"Kama ni mtoto, mbona naolewa?"

Mtendaji alikisukuma kikombe kando. Alimtuma mtu amwite Bwanali, na Bwanali alipofika akamwambia mbele ya watu waliokuwa wakisubiri nje, "Mchukue binti yako. Ana mdomo."

Njiani Bwanali hakumpiga. Shakila alingoja kipigo, akaona heri kingekuja. Mjomba alitembea mbele yake, mabega yameanguka, nguo zake zikiwa na madoa ya manjano ambayo hayakutoka kwa sabuni.

"Unanionaje, mimi mchawi?" alisema bila kugeuka. "Salfa imeshapulizwa, Shakila. Nipande nikaikwangue kwenye maua nimrudishie?"

Siku ya ndoa walimkalisha chumbani kwenye mkeka, amefunikwa kanga mbili, Somoe amembana ubavuni. Somoe ndiye aliyemfunda alipowekwa ndani, na sasa alikuwa amemshika mkono kama mtu aliyeshika kuku. Mashahidi wawili walikuja mlangoni.

"Shakila, umekubali kuolewa na Abdulazizi?"

Wanawake walimsogelea. Walijua kwamba mwali akikaa kimya amekubali, na akilia pia amekubali.

"Sikubali," alisema Shakila.

Kucha za Somoe zilizama kwenye mkono wake. "Ana haya," Somoe aliwaambia mashahidi, akicheka. "Hawa wa siku hizi haya zao ndizo hizo."

"Sina haya! Nimesema siku..."

Vigelegele vililipuka. Alianza Somoe, wakadakia wengine, chumba kizima kikajaa ndimi, na ndani ya kelele ile Shakila aliendelea kupiga ukelele neno lilelile hadi koo likamkauka. Alimtafuta mama yake kwa macho. Bimdogo alikuwa amesimama karibu na dirisha. Naye alikuwa akipiga vigelegele, macho ameyafumba. Mashahidi walirudi barazani wakasema bibi harusi ameridhia.

Abdulazizi hakumhamisha. Alimwacha palepale kwa mjomba, kama desturi ya kwao ilivyotaka, na akaisifu desturi hiyo mbele ya wazee. Kisha akajenga ghala la bati uani, akatundika mizani kwenye boriti. Korosho zilipoanza kudondoka, Bwanali alipita nyumba hadi nyumba. "Msiwauzie wageni," aliwaambia watu. "Huyu ni mkwe wetu." Watu wakaleta. Hakuna aliyetaka kuonekana amemkimbia mkwe akamfuata mtu baki.

Kazi ya Shakila ilikuwa kusoma mizani. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Siku ya kwanza tu aliona kwamba mizani ikiwa tupu mshale hausimami kwenye sifuri, bali nyuma yake sana. Alimwambia mumewe.

"Wewe soma mshale ulipo," Abdulazizi alijibu kwa upole. "Hukuulizwa ulipotoka."

Alisoma. Alimsomea jirani, akamsomea Somoe, akamsomea Bwanali mwenyewe, ambaye aliukodolea mshale macho, akamtazama mkwewe, akaondoka.

Halafu akaja mama yake. Bimdogo alikuwa amebeba korosho zake kwenye tenga, za mikorosho michache iliyopona. Abdulazizi alimwamkia kwa heshima zote za mkwe, akalitundika tenga yeye mwenyewe. Nyuma palikuwa na foleni.

"Soma," alisema.

Shakila alitazama mshale, akamtazama mama yake aliyekuwa akipangusa jasho la shingoni.

"Mizani hii inaiba," alisema kwa sauti, foleni yote isikie. "Mama, shusha tenga lako. Inaiba."

Hakuna aliyesogea. Abdulazizi alicheka taratibu, akawageukia watu.

"Mimba hiyo. Jana kaniambia chai ina chumvi."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Bimdogo hakucheka. Alilitazama gari lililosimama nje, akaitazama mifuko mipya ya salfa iliyowekwa ukutani kwa ajili ya msimu ujao, akamgusa bintiye begani.

"Angalia vizuri, mwanangu," alisema. "Huenda umeona vibaya."

Abdulazizi akasoma mwenyewe. Walipolishusha tenga kulimimina, korosho chache zilimwagika sakafuni. Bimdogo alipiga magoti miguuni pa bintiye, akaziokota moja moja, akazipuliza vumbi, akazitia zote ndani ya gunia la Abdulazizi.