Uzito wa Nyigu

...au boti yako haiwezi, Mama? kasema Kamanda huku akitabasamu, na meza nzima ikageuza shingo kumtazama yeye, mchoraji wa boti, feni ikizunguka kivivu juu ya vichwa vyao, na damu ikampanda usoni, haiwezi nini, haiwezi nani, boti zake hizi za Nyigu alizozichora kutoka mkuku hadi mlingoti huku wakubwa wa karakana wakimcheka, we dada, manowari si kitambaa cha kutarizi, naye akaiinamia meza ya kuchorea mpaka shingo ikakakamaa, akaipa boti tumbo pana nyuma iyabebe makombora yake mawili bila kusuasua, akakishusha chumba cha usukani adui asiione mapema, akaipa injini za kufika, kupiga na kugeuka kabla aliyeumwa hajajua kimemuuma nini, na siku ya kwanza ilipoteremshwa majini wale wale waliomcheka ndio waliopiga makofi kuliko wote, nyoo, na miaka yote hii boti zimelinda mpaka, zimefukuza meli za wezi wa samaki, hazijamwacha mtu baharini, leo aulizwe kama zinaweza... ulimi ukamwasha, neno likamfika menoni, inaweza, Kamanda, lete hata kumi... makombora manne tu, anasema Kamanda, majirani wote wanabeba manne, sisi na mawili yetu tunaonekana kama watoto... mengine hakuyasikia, maana ng'ambo ya meza ameketi mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, nahodha wa Nyigu ya kwanza, wima ndani ya sare nyeupe, hathubutu kufungua kinywa mbele ya mkubwa wake, lakini juzi kwenye simu alikifungua, Dada, hii yangu waliyoifunga manne kwa majaribio, ikipigwa na wimbi la ubavuni inalala, naye akamjibu kwa ukali, boti zote hulala, wewe umeanza lini kuogopa maji, na mdogo wake akasema, inalala, Dada, halafu inafikiria kwanza kama iamke... kisha akacheka, mjinga yule, tangu utotoni akiogopa hucheka, siku aliyokwama juu ya paa alicheka mpaka akaanza kulia, inafikiria kwanza, na ndani mna vijana, mpishi na sufuria zake, mafundi wa injini kule chini kabisa wenye ngazi moja tu ya kutokea... kubali tu, mama, ananong'ona mkurugenzi wa karakana begani pake, funika kombe mwanaharamu apite, kombe gani, baba, kombe hili lina watu ndani, usinipumulie sikioni... inaweza, neno hilo ndilo lililomlea, kila mlango uliofungwa usoni pake aliusukuma kwa neno hilo, na wao wanalijua, ndiyo maana Kamanda hakumuuliza kama ni salama, ah, kumbe, kamuuliza kama haiwezi, kamtupia chambo mbele ya watu, anajua mwanamke huyu ana kiburi, kitamjibia chenyewe, naye alibaki kidogo tu akimeze na ndoana yake... kiburi ninacho, ndiyo, tena kingi, lakini nimekihangaikia mwenyewe, simwazimi mtu akaenda kumzamishia mdogo wangu, na boti yangu haina aibu yoyote ya kufichwa, nimeizaa na mbavu zake, najua inapovumilia na inapovunjika, punda hodari ukimwongezea magunia mpaka akaanguka hujathibitisha kwamba ni mvivu, umethibitisha kwamba una punda mfu... tunakusubiri, Mama, anasema Kamanda, tabasamu limeanza kumkauka mdomoni, na mdogo wake ng'ambo ya meza, Mungu wangu, anacheka, kwa pembe moja ya mdomo, macho makavu, basi tulia, mwana wa mama, tulia, nipo, wakitaka wanivue kazi, wampe mwingine meza yangu na penseli zangu, neno halitanitoka wanalolitaka... akasukuma kiti nyuma, kikakwaruza sakafu, mkurugenzi akamvuta mkono wa gauni, si lazima usimame, Mama, akasema Kamanda, jibu ukiwa umekaa, naye akasimama.