Gamba la Kadii

Kadii alikuwa akisafisha kaa nje ya nyumba yao, Ngomeni, mwaka wa pili wa kodi ya vibanda, mumewe Mwambire alipomwambia kuwa mgongo unamwasha. Akaosha mikono, akaiteremsha shuka ya mumewe begani, akaona ufa umeanzia shingoni hadi kiunoni. Akatia kaa chunguni kwanza, kisha akamtandikia mkeka.

Hapo kijijini watu walijivua gamba kama wanavyojivua wale waliowalisha: kaa wa mikokoni, kamba, kamba koche wa miambani. Mtoto huanza akishaota meno. Aliyejivua hubaki laini kama uji ulioganda, na mwenzake humlinda. Huziba mlango kuku wasije wakamdonoa, humsagia gamba lake la zamani, humlisha mpaka akaze. Kaa naye hulila gamba lake. Asipolila, huchelewa kukaza.

Mwambire alitoka kinyumenyume, vidole vikiwa vya mwisho. Kadii akalitwanga gamba lote kwenye kinu, hata kucha, hata kovu la kidole gumba kilichowahi kubanwa na kaa, akamlisha kwa upawa.

"Hujabakisha?" Mwambire akauliza.

"Nibakishe cha nini? Kula ukaze."

"Zamu yako ikifika, Mama Kahonzi, nitakusagia hata kwa meno."

"Meno gani? Hayo yenyewe sasa ni ute!"

Wakacheka, Mwambire kwa uangalifu, asipasuke. Aliposimama alikuwa mpana kuliko awali. Ikabidi wapanue mlango.

Zamu ya Kadii ilifika mvua za vuli zilipoanza. Alijivua vizuri, bila kuvunja hata kidole. Gamba likabaki limeketi kwenye kigoda, miguu pamoja, uso umeinama kidogo, shanga shingoni. Mwambire akalitazama gamba muda mrefu kuliko alivyomtazama aliyelala mkekani.

"Kinu kiko nyuma ya nyumba," Kadii akamkumbusha.

"Nakiona."

Akaliinua gamba taratibu, akalifunika leso lisilowe, akatoka nalo. Mlango hakuuziba.

Kuku wakaingia. Kadii aliwafukuza kwa sauti, maana mkono haukuinuka. Kahonzi, mtoto wao, akatambaa hadi kifuani kunyonya, na aliposhika pakabonyea, pakabaki hivyo, vidole vyote vitano. Mavyaa yake Kadii, mamake Mwambire, alipopita akakuta mlango wazi. Hakuuliza mwanawe yuko wapi. Akakaa kizingitini, akauziba kwa mgongo wake. Majirani walileta maganda ya kamba na ya kaa, na mmoja akaleta la nge, yakatwangwa. Kadii akakaza, ila si sana. Mtungi wa maji aliuweza ukijazwa nusu.

Mvua zilipokwisha alimfunga Kahonzi mgongoni, akaenda kwa miguu hadi Magarini, alikosikia mumewe amelima shamba. Nyumba ilikuwa mpya, mlango mpana. Gamba lilikuwa limeketi barazani, limepakwa mafuta ya nazi, shanga zimeongezwa. Mwanamke aliyepita na kuni aliliamkia, akaendelea na njia yake. Mwambire alikuwa akilipungia nzi.

"Baba Kahonzi, sikuja kukurudisha," Kadii akasema. "Nipe mkono mmoja tu nikasage. Siwezi kutwanga, siwezi kulima, mwana ananielemea."

"Nimkate mke wangu mkono?"

"Mke wako ni nani?"

"Huyu hajawahi kuniuliza hivyo," Mwambire akasema.

Kahonzi akachungulia begani mwa mamake, akaiona ile sura, akainyooshea mikono yote miwili. Mwambire akalibeba gamba akaliingiza ndani. Kisha akauziba mlango, vizuri, mpaka chini, asipite hata kifaranga.

Kadii aliifunga upya mbeleko. Halafu akashika njia.

Alipofika kwenye kivuli akaketi kumnyonyesha. Kahonzi aliweka kiganja kifuani pa mamake, kwenye lile bonyeo. Hakikuingia tena, kilikuwa kimekua. Akanyonya huku akijikuna. Kadii akamgeuza amtazame mgongo, akaona ufa mwembamba, mfano wa unywele, umeanzia shingoni.

Akamfunika leso asipigwe na jua, akainuka, akaongeza mwendo. Kinu kilikuwa nyumbani.