Wimbo wa Dereva Asiyekuwapo

Verlon Tackett aliimba vizuri akiwa na huzuni, na mkewe Oleta alipomwacha, aliimba vizuri kupita kiasi. Mimi nilikuwa nampigia fidla kwenye baa ya mabati nje ya Odessa, Texas, ambako wachimba mafuta walikuja kila Jumamosi mchana kucheza kantri, muziki wa mashambani wa huko, na kulia. Jukwaa lilizungushiwa wavu wa waya, kama wa banda la kuku. Chupa tupu ikigonga wavu, wimbo umependwa. Ikiwa na bia ndani, tafuta mlango, maana kwetu hakuna anayemwaga bia bila kuudhika kweli.

Wimbo wake mpya ulisema Oleta katoroka na dereva wa lori. Miezi mitatu chupa tupu zilimiminika na wanaume wazima wakafuta machozi. Sasa, huyo dereva hakuwapo. Oleta alikuwa kwa dada yake, mtaa wa pili, kwa sababu Verlon aliuza cherehani aliyoachiwa Oleta na marehemu mama yake, akanunua buti za ngozi ya nyoka. Lakini nani angelilia cherehani? Ndivyo alivyoniambia Verlon, na mimi, mjinga, nikakubali.

Jumamosi moja Oleta akaingia, akaja moja kwa moja hadi kwenye wavu.

"Verlon, kanisani hakuna anayetaka kukaa benchi langu! Mke wa mchungaji ananipita kama nguzo. Muuza nyama kaniuliza huyo dereva anaitwa nani!"

"Mke wangu, ni wimbo tu."

"Wimbo tu? Haya, imba wa kweli. Sasa hivi. La sivyo unisahau."

"Watanipiga!"

"Si una wavu?"

Verlon akanitazama. Nikaangalia pembeni, nimejaa aibu. Akafumba macho akaimba, akitunga papo hapo: cherehani, buti, maharage baridi, soksi zenye matobo zisizo na wa kuzishona. Sijawahi kumsikia akiimba vile.

Hoyt, mchimba visima mwenye kifua kama kabati, akasimama.

"Mwongo mkubwa we! Nimemtwanga shemeji yangu ngumi kwa sababu anaendesha lori!"

Bia ikaturukia. Fidla yangu ilinuka pombe hadi Krismasi. Verlon hakuacha, alirudia beti zote huku akilowa, na alipofika kwenye soksi, Hoyt akaketi, akavua kiatu kimoja, akatazama tobo la soksi yake, akaanza kulia.

Kesho yake nilikwenda kanisani, jambo ambalo si kawaida yangu. Oleta alikuwa kwenye benchi lake, peke yake, nami nikaketi nyuma yake. Verlon alikuwa nyuma kabisa, alikoamriwa na Oleta akae hadi cherehani ipatikane. Mke wa mchungaji, ambaye hajakanyaga baa maisha yake yote lakini habari za wimbo zilishamfikia, akaja akaketi bega kwa bega na Oleta. Mumewe alikuwa ameanza kuhubiri.

"Mume wangu aliuza piano yangu akanunua farasi," akanong'ona. "Mwambie Verlon amwimbe na huyo."