Matambara ya Shangazi

Kiwandani kwetu, maji yaliyokwisha kupoza mitambo hupita kwenye bomba la nyuma yakiwa na joto la kukaushia matambara tu. Shangazi yangu, msimamizi wa usafi, ndiye pekee aliyelithamini bomba hilo. Mimi nililitaka linipe umeme.

“Joto hilo hata chai halichemshi!” mafundi wenzangu walinicheka.

Wapi! Kwenye mtambo nilioutengeneza na kuuunganisha na bomba hilo, nilichanganya maji na amonia, kemikali ambayo huchemka hata kwa joto dogo. Mchanganyiko huo huchemka kidogo kidogo, ukifyonza joto la bomba njia nzima, na mvuke wake huzungusha jenereta.

Leo asubuhi nikafungua koki. Taa ikawaka!

“Umeficha betri humo,” mafundi wakaguna. Nilipandwa na hasira, nikawafungulia kila kifuniko. Wapi, hawakuamini.

Adhuhuri tulikuwa bado tunabishana mlango ulipofunguliwa kwa kishindo. Shangazi akaingia na ndoo ya matambara yaliyokuwa bado majimaji.

“Nani kaiba joto la bomba langu?”

Nikamrukia, nikamkumbatia pamoja na ndoo yake. Mafundi wakakimbilia bomba, wakaligusa. Lilikuwa limepoa.

“Hongera, mwanangu,” Shangazi akasema, akinitupia tambara usoni. “Sasa huo umeme wako ukanikaushie haya.”