Sukari Inaingilia Wapi?

Ergash aliacha sukari siku ileile nesi alipomwambia kuwa ndiyo inayomla macho kutoka ndani. Akaacha na pilau ya mafuta ya mkia wa kondoo, akawa anatembea kila alfajiri kando ya mfereji, mgane wa miaka hamsini na kitu, tumbo mbele, yeye nyuma. Si kwamba aliyapenda sana maisha. Kazi yake pale Kokand ilikuwa kuchora maua kwenye vitanda vya bembea vya watoto wachanga, na mstari mwembamba ulikuwa umeanza kumtoroka. Macho yakifa, mkono utakula nini?

Aliporudi zahanati, nesi Chinihon akamtoboa kidole, akaitazama mashine, akaguna.

"Kaka Ergash, unanidanganya."

"Mimi? Mashine yenu ndiyo inayodanganya! Kila cha serikali kinadanganya. Gari la wagonjwa lilimkuta mke wangu ameshapoa, wakubwa wakaandika limewahi."

"Ya marehemu nayajua, kaka. Lakini hii sukari umeila wewe, hawakuila wakubwa."

Akatoka amefura. Ila kufika darajani hasira ilikuwa imepoa, na mahali pake pamekaa swali, linawasha kama upele: inaingilia wapi? Nyumba imefungwa, mwizi yumo ndani.

Kwanza alishuku mkate. Wenye vinu hawashindwi kitu, na anayewakagua anakula nao. Akala mkate wa dada yake, wa ngano waliyosaga wenyewe. Chinihon akapima: iko palepale. Akashuku maji ya bomba, akawa anachota kisima cha jirani. Palepale. Chinihon akaanza kumcheka: "Bado hujashuku hewa tu!"

"Hewa nayo ina waziri wake," akajibu Ergash.

Kila dhana ilipovunjika, alirudi nyumbani anagomba peke yake, kisha akafanya kama alivyofanyiwa miaka yote na marehemu mkewe, Oyhumor: akatumbukiza kwenye chai kipande cha navat, yale mawe ya rangi ya asali yanayong'aa kama kioo. Navat ilikuwa dawa yao ya tumbo, ya kikohozi, ya huzuni. Hata mtoto mchanga hulambishwa.

Ikamwishia. Akaenda kwa Hoshim, mtengenezaji wa navat, rafiki yake tangu utotoni. Kibandani hapakuwa na mtu, akazunguka uani, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Akamkuta Hoshim amesimama juu ya sufuria kubwa, anamimina gunia. Kilichokuwa kikimwagika kilikuwa cheupe.

"Hoshim. Hiyo ni nini?"

"Sukari. Kwani umeambiwa ni chokaa?"

"Ya nini?"

"Ya navat, ndugu yangu! Unachemsha sukari na maji, unatundika nyuzi, unaiacha igande. Ulidhani inachimbwa mlimani?"

Ergash akakaa juu ya debe tupu. Hoshim alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kilemba, kisha akaona uso wa mwenzake, akaliweka gunia chini.

"Nani aliruhusu iitwe dawa?" Ergash akauliza. Sauti ilitafuta mkubwa wa kumtupia lawama, kama kawaida yake.

"Bibi zetu. Nenda kawashtaki makaburini."

"Na Oyhumor? Alijua?"

Hoshim akakoroga kwanza. "Alichojua ni kwamba ukinywa, unaacha kugomba."

Hapo Ergash akakosa wa kumlaumu. Wakubwa hawakuwamo, na mkewe, yeye mwenyewe hakuwa tayari kumshtaki. Kwa mara ya kwanza alibaki na jambo lisilo na mshitakiwa, akaliangalia tu.

Hoshim akammiminia chai nusu bakuli, kama anavyomiminiwa mgeni wa heshima. Mkono wa Hoshim ukaenda wenyewe kwenye sahani ya navat, ukasita hewani.

"Acha," Ergash akasema.

Akanywa. Ikamkunja uso. Kisha, baada ya uchungu, nyuma kabisa ya ulimi, kukaja kitu kingine, kama harufu ya majani mabichi yaliyonyeshewa. Akalitazama bakuli.

"Hii chai gani?"

"Ileile unayokunywa tangu tumeota ndevu."

"Haiwezekani." Akanywa tena, polepole, amefumba macho. Akalisukuma bakuli mbele. "Mimina. Kuna kitu humu, bado sijakikamata."